Kocha Nijibu: Chuma Kitupu Kwanza

Toleo lililopita niliandika kwamba anayeanza vyuma atumie miezi yake ya kwanza kujifunza mkao na siyo kutafuta kilo. Kumbe nimegusa penyewe, maana meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, sawa kocha, sasa huo mkao wenyewe ndo ukoje? Nimechagua sita nizijibu hapa. Nyingine zinafanana kwahiyo ukiona swali sio lako lisome tu, inawezekana jibu lako limekaa humo.

Shikamoo kocha. Nina miaka 23, niko Mbagala. Mimi na washkaji tumeanza jimu ya mtaani, hii wiki ya tatu. Tunachuchumaa na chuma mgongoni, kilo 60, ila mimi kila nikimaliza kiuno kinauma mpaka kesho yake. Wao wananiambia mwanzo lazima uumie. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu, na pole. Hapana, sio kweli. Misuli kuuma ni kawaida, utaamka mapaja yamekaza, kushuka ngazi shida, na huwa inazidi siku ya pili alafu inaisha yenyewe. Hayo ni maumivu ya nyama. Kiuno kuuma pale pale unapoweka chuma chini, kila siku ya tizi, hicho ni kitu kingine, mgongo unafanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe na mapaja na makalio. Na kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti, au mguu unakufa ganzi, au mkojo unakuwa haushikiki, usisubiri jibu la gazeti, nenda hospitali leo.

Sasa tuseme sio hivo, ni mkao tu. Hizo 60 ziweke pembeni kwanza. Nataka ukumbuke kitu, we ulishawahi kuchuchumaa vizuri kabisa maisha yako yote ya utotoni. Ulichuchumaa kucheza gololi, ulichuchumaa chooni, ulimuona bibi anachagua mchele kwenye ungo visigino vimekaa chini na mgongo umetulia na anaweza kukaa hivo mpaka mchele uishe. Mwili unaujua huo mkao. Kinachotokea ni kwamba ukishawekewa mzigo mgongoni unaogopa, na ukiogopa unainamia mbele, ukiinamia mbele mapaja yanaacha kazi na kiuno kinabaki peke yake.

Kwahiyo anza hivi. Chukua dambeli (kile chuma kifupi cha mkono mmoja) moja ya kilo 8 au 10, kama haipo chukua dumu dogo la maji, likumbatie kifuani kwa mikono miwili kama umeshika mtungi. Miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo tu. Vuta pumzi ijae tumboni, sio kifuani, kaza tumbo kama mtu anataka kukupiga ngumi, alafu shuka. Nyonga na magoti viondoke pamoja. Usikae juu ya miguu, kaa katikati ya miguu, magoti yafuate vidole vinakoelekea. Ukifika chini viwiko vitagusa ndani ya magoti, hapo tulia, hesabu mpaka tano, visigino vyote viwili viko chini, kisha simama. Fanya 8, pumzika, rudia mara 3. Fanya hivo siku tatu za mwanzo na usiongeze kitu chochote.

Ukishaona hapo pako sawa ndo unaenda kwenye chuma kirefu, na kiwe kitupu bila pleti (zile sahani za uzito za pembeni) hata moja. Kile cha mashindano kina kilo 20 chenyewe (cha wanawake 15), kwahiyo usikidharau. Kiwekwe kwenye stendi usawa wa kifua chako, usikitoe kwa kunyanyukia vidole. Ukipapasa shingo kwa nyuma utakuta kifupa kimetokeza, chuma kisikae juu ya hicho kifupa, kikae chini yake kidogo, kwenye ile nyama inayotokea ukivuta makombe ya mabega yakaribiane. Kitoe, rudi nyuma hatua mbili tu, sio tano. Pumzi, kaza, shuka mpaka mkunjo wa nyonga upite chini ya goti kidogo, simama. Kama kabla ya kufika huko kiuno kinajikunja kuingia ndani, basi ishia hapo hapo juu kidogo mpaka mwili uzoee, hakuna anayekudai.

Na hapa ndo nahisi tatizo lako lilipo. Wakati wa kupanda, makalio na kifua vipande pamoja. Mwambie mshkaji mmoja asimame ubavuni akuangalie hilo tu. Wengi wakizidiwa na mzigo makalio yanaruka juu kwanza, kifua kinabaki chini, alafu wanamalizia kwa kunyanyua mgongo kama mtu anayeinuka kutoka kuokota kitu. Kilo 60 zikikaa hivo kiunoni, raundi baada ya raundi, lazima kikulilie.

Nikupigie na hesabu. Ukianza na kilo 20 ukawa unaongeza kilo mbili na nusu kila siku ya tizi, siku tatu kwa wiki, unafika 60 baada ya kuongeza mara 16. Hiyo ni wiki tano na ushee. Yani hizo 60 zinazokuumiza leo ziko wiki tano mbele yako, na ukifika huko utakuwa unazibeba kwa mapaja. Nakuomba kwa moyo wote mdogo wangu, subiri hizo wiki tano.

Kocha habari. Mimi ni mama wa miaka 58, Morogoro. Daktari ameniambia nifanye mazoezi ya kubeba uzito kwa ajili ya mifupa, na pia nina presha, natumia dawa. Naona aibu kwenda kwenye vijana na pia naogopa kujaa misuli kama mwanaume. Naweza kujifunzia nyumbani?

Shikamoo mama. Unaweza, na nimefurahi sana kuona swali lako, natamani ningepata kumi ya namna hii kila mwezi.

La misuli kama mwanaume liondoe kabisa. Homoni inayowajaza wanaume misuli kwenu iko kidogo mno, hao wanawake unaowaona wamejaa wametumia miaka mingi na chakula cha kupimwa, haitokei kwa bahati mbaya. Utakachopata ni kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa inapungua ugumu haraka, na mfupa ukibebeshwa uzito unashtuka na kujijenga, ndo maana daktari kakwambia hivo. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

Tena mama wewe vyuma unavyo. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, sawasawa na kile chuma cha mashindano nilichomwambia kijana wa Mbagala. Uzuri wa maji lita moja ni kilo moja, kwahiyo ukiweka lita 4 una kilo 4, wiki ijayo unaongeza kikombe au viwili. Jimu nyingi hazina pleti ndogo kiasi hicho.

Cha kujifunza kwanza ni kuinama. Najua umeinama maisha yako yote, kufagia, kulima, kufua, lakini kuna kuinama kwa mgongo na kuna kuinama kwa nyonga. Chukua mpini wa jembe au fimbo ya deki, uuweke wima mgongoni, mkono mmoja uushike shingoni na mwingine kiunoni. Mti uguse sehemu tatu, kisogo, katikati ya mabega, na juu kidogo ya makalio. Simama umeupa ukuta mgongo, umbali wa wayo mmoja, legeza magoti kidogo, alafu sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta. Mti ukiachia hata sehemu moja kati ya hizo tatu ujue mgongo umepinda, rudi uanze tena. Ukishaweza hivo mara 10 bila mti kuachia, sogea mbele ya ukuta kidogo kidogo. Ukifika siku unaenda nyuma bila kutegemea ukuta, weka dumu lenye lita 4 katikati ya miguu, shuka vile vile, lishike kwa mikono miwili, simama nalo. Basi, umeshanyanyua chuma.

La pili ni kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, taratibu, usijitupe. Mara 8, pumzika vizuri, rudia mara mbili. Ukishazoea, kumbatia chupa ya maji kifuani.

Kwa ajili ya presha, zingatia pumzi mama. Vijana nawaambia wabane pumzi kidogo wakiwa chini, wewe usibane. Pumua nje wakati unainuka, hata kwa sauti, maana kubana pumzi huku umebeba kunapandisha presha ghafla. Usianze siku ambayo vipimo vimekaa vibaya, na siku ukihisi kizunguzungu au kifua kubana acha palepale. Mwambie na daktari wako kwamba umeanza, mweleze hasa unachofanya.

Niseme na jambo moja kuhusu akina mama. Mwaka 1986 watafiti walipima wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipaji, wakakuta wanaweza kutembea na mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu yoyote ya ziada kuliko mtu anayetembea mikono mitupu. Nikiwafundisha vijana kunyoosha shingo na kukaza kiwiliwili huwa nawaambia mkamtazame mama anayetoka kisimani na ndoo haimwagiki. Kwahiyo aibu usiione, sisi ndo tunajifunza kwenu.

Kocha salama? Niko Mombasa. Instrakta wa gym yetu amesema goti lisivuke vidole vya mguu hata kidogo, ati utaharibu goti. Mimi ni mrefu, nikijaribu hivyo naanguka nyuma. Nifanye nini?

Salama ndugu yangu. Acha goti livuke. Wewe mrefu una paja refu, ukilizuia goti utaanguka nyuma au utainama sana mbele, hamna njia ya tatu. Jambo hili lilishapimwa mwaka 2003 huko Marekani, mtafiti Fry na wenzake walichukua wanaume 7 wenye mazoezi, kila mmoja akachuchumaa na chuma chenye uzito sawa na mwili wake, mara ya kwanza goti liko huru, mara ya pili wamewekewa ubao mbele lisipite. Mzigo wa goti ulipungua kama asilimia 22, lakini mzigo wa nyonga uliongezeka zaidi ya mara kumi. Kwahiyo unaokoa goti kidogo alafu unaitwisha nyonga na kiuno yote hayo.

Unachotakiwa kukiogopa ni visigino kunyanyuka, na magoti kuingia ndani yakigongana kama mtu aliyebanwa na haja. Hivo viwili virekebishe. Kama visigino vinanyanyuka kwa sababu vifundo vya miguu ni vigumu, kanyagia kipande cha ubao chembamba kwa muda, hata viatu vya wanyanyua vyuma vya mashindano vina kisigino kilichoinuliwa. Na instrakta wako muulize kwa adabu tu, usibishane naye mbele za watu, wengi tulifundishwa hivyo hivyo na waliotutangulia.

Kocha mimi ni mlinzi huku Muscat, jengo letu lina jimu nzuri ila hakuna mwalimu. Nafanya ile ya kunyanyua chuma kutoka chini, wanaita dedilifti. Hamna wa kuniangalia. Nawezaje kujua kama nakosea? Na je, ninunue mkanda?

Ndugu yangu pole na lindo. Mwalimu unaye mfukoni, simu. Iegemeze kwenye chupa ya maji juu ya benchi, iwe usawa wa nyonga yako, umbali wa hatua tatu nne, ikuchukue ubavuni kabisa. Sio mbele, mbele utaona sura yako tu. Rekodi kila raundi, alafu wakati unapumzika itazame taratibu. Usitazame kila kitu, utachanganyikiwa, angalia vitu viwili tu, chuma kinapita wapi, na mgongo unabadilika umbo au haubadiliki.

Chuma kinatakiwa kipande kwa mstari wima kama uzi wa timazi wa fundi uashi, juu ya katikati ya wayo wako. Ukiona kinaanza mbele kisha kinakurudia, ujue umesimama mbali nacho. Kwahiyo kabla ya kushika, sogea mpaka chuma kiwe juu ya katikati ya wayo, yani kati ya muundi na chuma pabaki upana wa kidole gumba. Inama ukishike nje kidogo ya miguu, mikono imenyooka. Ukishakishika usikisogeze tena hata kidogo, wewe ndo ukifuate, kunja magoti mpaka muundi ukiguse. Inua kifua. Bana makwapa kama kuna noti umeiweka humo na hutaki idondoke.

Hapa sasa ndo wengi wanaharibu, wananyakua. Usinyakue. Vuta kidogo kidogo mpaka uskie ule mlio mdogo, kli, ni chuma kinagusa matundu ya pleti kabla pleti hazijaondoka chini. Ukiuskia huo mlio ndo mwili umekamatana na mzigo. Sasa sukuma sakafu kwa miguu, kama unataka kuizamisha, chuma kipande kinakukwaruza muundi na mapaja (vaa suruali au soksi ndefu), malizia umesimama wima. Usijipinde nyuma ukifika juu, haiongezi kitu. Kushuka, makalio yaende nyuma kwanza, chuma kikishapita magoti ndo magoti yakunje.

Nakwambia haya nikiwa nayajua kwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka 19, nimeshafanya tizi miezi miwili, jioni moja kuna watu wanatazama, nikapanga kilo 100 ambazo sijawahi kuzigusa. Nilinyakua. Mgongo ukajikunja kabla pleti hazijaachia sakafu, na badala ya kuacha nikaendelea kwa sababu nilishaanza. Nilizinyanyua kweli, watu wakashangilia. Kesho yake asubuhi nilishindwa kuinama kuvaa viatu, mdogo wangu ndo alinivalisha, na ikawa hivo karibu wiki mbili. Hakuna kocha aliyeniambia niache pale pale mgongo unapobadilika umbo, na ndo sababu nawaambia watu leo. Ukiona kwenye video mgongo ulianza umenyooka alafu kufika marudio ya nne umekunja, basi raundi yako iliishia kwenye tatu, ya nne usiihesabu na kesho usiongeze kilo.

Mkanda bado. Mkanda unalipa tumbo kitu cha kusukumia, na kama tumbo bado halijui kusukuma utakuwa umejifunga nguo tu. Jifunze miezi minne mitano kukaza bila mkanda. Glavu nazo ni juu yako, ila mimi napenda kiganja kikiskia chuma. Viatu ndo muhimu, usinyanyue na raba zenye soli laini kama sponji, unayumba, bora viatu vyenye soli nyembamba na ngumu.

Kocha mimi nafanya tizi usiku peke yangu, benchi, ile ya kulala chali na kusukuma chuma. Juzi chuma kimenilalia kifuani nikashindwa kukitoa, nilipiga kelele mlinzi akaja. Sasa naogopa. Niko Mwanza. Na nikisukuma chuma juu ya kichwa mgongo unapinda nyuma, nifanyeje?

Mshukuru Mungu, na huyo mlinzi mtafutie hata soda. Watu hufa hivyo, sikutishi.

Ukiwa peke yako usifunge vile vibano vya kuzuia pleti pembeni. Kikikulalia unakiinamisha upande mmoja, pleti zinadondoka, upande wa pili unaruka, kelele nyingi na sakafu itaumia ila wewe utakuwa mzima. Bora zaidi, kama jimu ina fremu yenye vyuma vya kudaka pembeni, weka benchi humo ndani, vipange viwe chini kidogo ya kifua chako kikiwa kimejaa, ukizidiwa unatoa pumzi na chuma kinakaa juu yake. Na kidole gumba kizunguke chuma, kuna wanaoshika kwa vidole vinne tu gumba likiwa upande mmoja na wenzake, chuma kikiteleza hapo kinakuja shingoni moja kwa moja.

Mkao wenyewe, lala macho yakiwa chini ya chuma, vuta makombe ya mabega yakaribiane na yashuke kuelekea kiunoni, miguu ikanyage chini kwa nguvu. Chuma kishuke mpaka chini ya kifua, usawa wa chuchu au chini kidogo. Viwiko visikae wazi kama msalaba, vikaribie mbavu, katikati ya huo msalaba na kubana kabisa, mabega yatakushukuru baadae. Na kila raundi acha ukiwa bado unaweza mbili zaidi. Ukiwa peke yako hii ni amri.

Alafu umeniuliza mwishoni kuhusu kusukuma juu ya kichwa mgongo ukipinda nyuma. Hilo ni kosa la siku nyingi hata kwa wakubwa. Kusukuma juu kulikuwa mchezo wa Olimpiki, ukaondolewa baada ya Munich mwaka 1972, moja ya sababu ni kwamba wanyanyuaji walikuwa wanajipinda nyuma mpaka inakaribia kuwa benchi ya kusimama na waamuzi wanashindwa kuamua. Wewe punguza kilo, bana makalio kwa nguvu kabla ya kusukuma, na chuma kikishapita paji la uso ingiza kichwa mbele, usirudishe mgongo nyuma kukipisha.

Kocha, mimi mwanafunzi, Dodoma. Sina hela ya jimu. Tumetengeneza vyuma kwa bomba na makopo ya rangi tumejaza zege. Tunaweza kujifunza mkao sahihi na hivi au tutaharibika?

Mnaweza kabisa. Mnyanyua vyuma Hidilyn Diaz wa Ufilipino mwaka 2020 alikwama Malaysia mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, akawa anafanya tizi na mwanzi ulioning'inizwa madumu ya maji. Mwaka uliofuata kwenye Olimpiki ya Tokyo akainua kilo 127 na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa tangu waanze kushiriki. Kwahiyo zege sio kikwazo.

Ila kuna mambo ya vyuma vya kienyeji lazima myajue. Kwanza kopo mbili zinazofanana kwa macho hazifanani kwa uzito, moja imepata kokoto nyingi, nyingine mchanga na maji. Nilishawahi kupima za vijana fulani nikakuta upande mmoja umezidi kilo 3, na mwenyewe alikuwa analalamika bega la kulia tu. Utakuwa unajifunza mkao wa kupinda bila kujua. Pili, pleti za mashindano zina upana wa sentimita 45, kwahiyo chuma kikiwa chini kinakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Makopo yenu madogo yatakiweka chini zaidi, mtalazimika kuinama kupita kiasi na mgongo utakunja hata kwa mtu anayejua. Kama mnanyanyua kutoka chini pangeni tofali kila upande, pimeni kwa rula mpaka bomba lifike usawa huo. Tatu, bomba likiwa nene sana kiganja hakifungi, cha mashindano kina milimita 28 tu. Na zege lililomwagwa kwenye kopo na bomba lake likakauka pamoja huwa linaanza kulegea baada ya miezi, kila siku kabla ya kuanza mtu alitikise kila upande, likicheza hata kidogo lisipande mgongoni kwa mtu wala lisipite juu ya kichwa.

Wiki za mwanzo tumieni bomba tupu. Bomba tupu kabisa, hata kama wapita njia wanawacheka, mmoja anafanya na mwingine anamrekodi kwa simu kama nilivyomwambia ndugu wa Muscat.

Na kesho asubuhi kabla ya kufanya chochote bebeni hayo makopo mpaka kwa muuza mahindi, mwombeni mizani yake kwa dakika kumi, pimeni moja moja, lililo jepesi liongezeeni zege juu mpaka lilingane na mwenzake, kisha muandike kilo zake ubavuni kwa rangi ya mafuta.